Pamba Niliyoitoa Kwenye Suruali Yako

Mugisha, mjukuu wangu,

Wewe mtoto huna adabu. Mwezi wa tatu huu tangu tukulaze hapo kibanjani, kwenye migomba, hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu, na hujanijia hata ndotoni. Kwa mkeo unakwenda. Ananisimulia asubuhi, anacheka huku analia. Kwangu, kimya. Mimi niliyekubeba kwa mgongo huu!

Anayeandika ni huyo mkeo, Koku, maana mimi kalamu sijawahi kuishika. Koku, andika kila ninachosema, hata kikikuuma.

Nadhani najua kwa nini huji. Ni ile suruali.

Ile nzito, ya kuvaa unapokata miti kwa chenso, ule msumeno wa mashine. Ulisema, "Bibi, hii inanichemsha kama ndizi chunguni." Nikakuonea huruma. Nikafumua bitana, ndani nikakuta nyuzi nyeupe, laini, tele, kama pamba. Nikazitoa zote, nikajazia mto wangu, nikashona. Ukaivaa, ukarukaruka uani: "Sasa hii ni suruali!" Tukacheka, wajinga wawili.

Kofia ngumu ulivaa. Viatu ulivaa. Lakini kule Buganguzi chenso iliruka kwenye mkaratusi, ikakuingia paja, na gari halikuwahi.

Siku ya maziko, yule fundi wa Rwamishenye aliyekufundisha kazi aliishika ile suruali, akaigeuzageuza. Akasema nyuzi za ndani ndizo zinazojisokota kwenye mnyororo wa mashine mpaka inasimama. Akauliza, ziko wapi? Watu wakamlaani mwenye duka wa Miembeni, eti kakuuzia feki. Na mimi, ninayejibizana hata na mchungaji, siku hiyo nilinyamaza. Nilinyamaza, Mugisha.

Koku ameacha kuandika. Ngoja.

Haya. Amerudi. Amenawa uso. Ameishika kalamu tena.

Juzi Deo, mdogo wako, ambaye sasa ndiye anayeishika chenso yako, kaleta suruali mpya ya namna ileile. Akanitupia mapajani: "Bibi, nipunguzie joto kama ulivyompunguzia kaka." Mawe! Nikaisukuma chini. Nikamwambia yote. Nikamwambia, hapa pana joto, na pale alipo kaka yako pana baridi, chagua. Alikaa chini kama mzee. Kisha akaivaa palepale, jua la mchana, akaenda kazini bila kuniaga. Leo kavaa tena. Jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu. Acha limtiririke.

Jumamosi nakwenda Miembeni. Nitamwambia yule mwenye duka, mbele ya wateja wake, kwamba suruali yake ilikuwa nzima, mimi ndiye niliyeiua. Akitaka kunitukana, anitukane. Hilo nakuahidi, na sindano yangu haitagusa tena nguo ya kazi mpaka mnizike kando yako.

Lala, baba. Lala, waitu.

Na utakapokuja, usije unachekacheka ili kunifurahisha, nakujua. Kaa kitako, nigombeze kwanza mpaka hasira ikuishe. Kisha ndipo nitakupakulia.

Bibi yako