Samli Niliyomlisha Neema

Jumatano, 2 Oktoba
Nimesukasuka kibuyu tangu alfajiri. Siagi imekubali. Samli imetoka ya manjano, safi. Vijiko viwili kwenye uji wa Neema. Zamani kilikuwa kimoja. Nimeongeza kwa sababu jua likielekea kuzama mjukuu wangu anapapasa ukuta. Miaka kumi na tano, anatembea kama mimi wa sabini!
"Inanukia, Bibi," akasema. Nikafurahi kama mtoto.

Jumapili, 6 Oktoba
Ameanguka mferejini akitoka kwa jirani. Jua lilikuwa hata halijazama. Goti limechubuka. Nimempaka samli miguu yote, ngozi yake imekauka hadi inatoa magamba. Mama yake kapiga simu kutoka Dodoma: mpeleke hospitali. Nimekasirika. Watoto watano nimewalea kwa samli hii, yeye mmojawapo. Nitampeleka, lakini nimekasirika.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kliniki ya macho, mjini. Daktari ni binti mwenye adabu, aliniamkia kabla ya kugusa karatasi. Amempima sana. Mbele Neema anaona. Pembeni haoni. Kisha swali la ajabu: unasikia harufu? Neema akainamisha kichwa. Hasikii. Hakumbuki kama aliwahi kusikia.
Kumbe ile "inanukia, Bibi" ya miaka yote ilikuwa ya kunifurahisha mimi.
Damu imechukuliwa, inapelekwa nje ya nchi.

Jumamosi, 26 Oktoba
Majibu bado. Leo ameangusha kikombe kilichokuwa kando ya mkono wake. Naogopa. Nimemwongezea samli.

Jumanne, 12 Novemba
Majibu yamekuja. Naandika polepole ili nielewe. Nimefundisha sayansi darasa la sita miaka mingi, hili halitanishinda.
Ndani ya jicho kuna seli za kupokea mwanga. Zimejaa tando nyembamba za mafuta, zimepangwa kama chapati kwenye sahani. Kipokea mwanga chenyewe, chembe ya protini, kimekaa ndani ya mafuta hayo. Mwanga ukikigusa, kinateleza humo na kuanzisha ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Bila mafuta yanayofaa, ujumbe hauendi sawasawa. Neema amezaliwa bila uwezo wa kuvunja aina moja ya mafuta. Hutokana na majani mabichi yakipita kwenye tumbo la ng'ombe, mbuzi au kondoo. Kwake yanarundikana, hata machoni, na seli zinakufa.
Yamo kwenye maziwa. Kwenye samli ndiyo yamejaa.
Majani ya ng'ombe wetu nimekata mimi. Kibuyu nimesuka mimi. Kijiko cha pili nimeongeza mimi.
Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kubaki, akiacha kabisa.

Ijumaa, 15 Novemba
Nilitaka tufunge siku tatu, tuombe. Nikampigia daktari kumwarifu tu. Karibu apige kelele. Neema asikae na njaa! Mwili ukikosa chakula utafungua akiba ya mafuta yale yale, yajae kwenye damu.
Basi nimefunga peke yangu. Yeye amekula ugali, maharage na mchicha wa mafuta ya alizeti. Mboga hazina neno. Tumbo letu haliwezi kufanya kile kinachofanywa na la ng'ombe.
Nimemwomba radhi. "Bibi, ungenipa nini kingine?" akasema. "Si ndicho kizuri ulichokuwa nacho?" Nimelia mbele yake, bila kujificha.

Jumapili, 1 Desemba
Maziwa sasa yanakwenda kwa jirani. Kibuyu nimekiosha, nimekitundika. Vipimo vya juzi: macho hayajaharibika zaidi. Namshukuru Mungu kwa hilo tu, linatosha.
Mvua imekatika, kahawa imechanua. Tumeshuka shambani mapema, Neema kashika kiwiko changu. Akaniuliza ua la kahawa linanukiaje. Nikataka kusema "vizuri," nikaona ni uvivu. Nikamwambia: kama gauni la ubatizo lililotoka kupigwa pasi, na chumba cha pili kuna mtu kafungua asali. Akasimama kidogo kulifikiria.
"Na samli yako?"
Nikamwambia haina harufu ya maana. Yeye alinidanganya miaka kumi, nami nimemdanganya mara moja.
Tukarudi polepole, giza likiwa bado mbali.