Motokari ya Tata

Kolwezi, Jumanne

Mudogo wangu Asani,

Salamu aleikum. Hiyo ni salamu ya dini. Yangu mi sina ya kukutumia.

Mama yuko muzima, muhogo imekauka muzuri, paka ya jirani yetu Malaika imezaa tena.

Ile motokari ya zamani uliletea tata, baba yetu, yenye kuvuta upande wa kushoto, nimeipima mi mwenyewe. We, fundi mukubwa wa mudomo, ulisema njia za Kolwezi njo zimelala upande. Nikabadilisha mipira ya magurudumu ya mbele, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto: ikavuta tu kushoto. Nikaitembeza, nikagusa magurudumu: hakuna ilikuwa na moto kuliko ingine, basi frein, ile breki, haikukwama. Nikalala chini yake. Chuma yenye kushika gurudumu ya kushoto imepinda, na juu yake kuko rangi mupya. Nani anapaka rangi chuma ya chini, kama si mutu mwenye kuficha?

Tata ameendesha makamyo miaka makumi tatu. Motokari ilipoanza kumuvuta, akatundika funguo ku musumari, akasema mikono yake imezeeka. Ulikuwa umekaa pale. Ukamwambia, "Pumzika, tata."

Nimetia chuma ingine. Jana tata aliachilia volant, ule usukani, kidogo, motokari ikaenda sawa. Akaangalia mikono yake wakati murefu. Kisha akaniuliza nani alikuwa anajua juu ya ile chuma.

Jibu ni yako kumupa. Ijumaa tunakuja kwako Fungurume. Anaendesha yeye.

Dada yako,
Sikudhani