Mteja wa Kakiika

Jumapili, 7 Septemba 2025

Sitaki kuandika, lakini naandika. Jana gari lilitufia tukirudi kutoka Mbarara, tukiwa tumeshaipita Kabingo. Mpira wa rejeta ulipasuka, mvuke ukatufunika. Nikafungua boneti, nikabaki naitazama injini kama mtu anayeielewa. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Injini haijui Kifaransa.

Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma. Daktari wa macho alikuwa amempima na kumpa tarehe: Alhamisi ya tarehe 25, saa tano asubuhi, jicho la kulia lipasuliwe. La kushoto limeshakufa. Tarehe hiyo ikimpita, zamu nyingine ni mwakani, na jicho halina hakika ya kufika mwakani.

Tulikaa juani saa tatu nzima. Kwetu Uvira mama mkwe hali wala hanywi mbele ya mkwewe. Huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu nimwoe Madeleine, sijawahi kumwona mama yake akimeza hata maji. Na pale barabarani hakuna nyumba, hakuna kichaka. Ikabidi kila mara niondoke, nipande kilima, nigeuze mgongo, mpaka Madeleine aniite: rudi, amekunywa. Nilipanda mara tatu. Mama hakulalamika hata neno moja. Angelalamika ningepata nafuu.

Aliyetuokoa ni Muhirwa, fundi wa Base Camp, senta ya kambi yetu ya wakimbizi hapa Nakivale. Hapa kambini tuna chama chetu cha kamba – watu kumi na mmoja wenye magari, kila mmoja ana kamba kwenye buti. Ukikwama unapiga simu, aliye karibu anakuja kukuvuta. Muhirwa ndiye mkubwa wetu. Alikuja na pikapu ya mahindi, akatufunga, akatuvuta polepole hadi Base Camp, na ilikuwa siku ya soko! Wanafunzi wangu wakakimbia pembeni ya gari wakiimba kwamba mwalimu anavutwa. Mmoja aliimba kwa Kifaransa, tena bila kosa.

Kamba ilitufikisha nyumbani, najua. Lakini niliona aibu, na bado naiona.

Jumatatu, 8 Septemba

Sauti ya Claude kwenye simu, dakika nne. Huyu ni kaka wa Madeleine aliye Canada. Ndiye aliyetununulia gari, hii Spacio, na aliinunua kwa ajili ya macho ya mama yake. Mimi ni dereva tu, ingawa hakuna anayelisema.

"Beau-frère, mama hawezi kukaa kwa jua vile. Huku kila gari iko na dépannage. Unapiga namba moja, banakuja na camion, banabeba gari na bantu. Enda Mbarara, tafuta kampuni ya kweli. Ile mambo ya kamba tuache."

Nani alimwambia habari za kamba? Kuna picha. Imo kwenye grupu la familia tangu juzi. Niko kwenye usukani, mdomo wazi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimerudi kutoka Mbarara.

Ofisi ya kampuni ya malori ya kuvuta magari ina kiyoyozi na viti vya kuzunguka. Dada wa mezani anaitwa Ampaire, ana upole wa mtu aliyelala vizuri. Akajaribu Kiingereza, akaona ninavyohangaika, akahamia Kiswahili chake, ambacho mimi, wewe na yeye wote ni "na-" tu. Alinieleza mambo kwa mpangilio. Kuna pakeji mbili. Ya kwanza ni ya mjini: gari likikufia ndani ya kilomita ishirini na tano kutoka nyumbani kwako, lori linakuja. Ya pili ni ya mbali: popote ulipo mkoa huu, mpaka Kikagate, mpaka Endiinzi kwa wafuga ng'ombe.

Niliitaka ya pili. Nilitoka nyumbani nikijua kwamba ni ya pili. Kutoka nyumba yetu hadi Mbarara ni zaidi ya kilomita hamsini, hata mtoto angechagua.

Akauliza, akiniita bwana kwa lugha yake: "Wewe nakaa wapi, ssebo?"

Nyuma yangu palikuwa na bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, anangoja zamu. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na lile vumbi letu jekundu mpaka kwenye kamba. Nikasema: Kakiika.

Kakiika, mtaa wa wenye nazo palepale Mbarara! Nilifundisha watoto wa familia moja huko, likizo mbili, miaka minne iliyopita. Nalikumbuka geti lao, la kijani. Nikatoa maelezo ya geti. Akaandika.

"Nakaa na nani?"

Nikisema mke, watoto na mama mkwe, atataka majina, atauliza wamezaliwa wapi. Nikasema peke yangu.

Akafurahi kwa niaba yangu. "Kama iko Kakiika, ya town natosha kabisa. Ya mbali natupa pesa bure." Nami ningesema nini? Mtu wa Kakiika anayeishi peke yake anataka lori la Endiinzi kwa kazi gani? Nikatia saini.

Kwa hiyo ninayo kadi, ninayo stika, ninayo namba ya simu. Na huduma yenyewe inakoma nusu ya njia ya kuja kwangu. Nimechagua vibaya macho yangu yakiona. Mgonjwa wa macho ni mama mkwe, si mimi.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa Madeleine alibandika stika kwenye kioo cha mbele. Aliisafisha kwanza kwa maji ya sabuni. Majirani wakaja kuona. Mama mkwe hawezi kuisoma, akaigusa kwa vidole, akaomba Mungu aibariki kampuni na lori lake. Nilisema amina pamoja na wengine.

Kisha Madeleine akasema kamba turudishe, isije ikaoza bure wakati kuna mtu anayeihitaji. Nikaipeleka kwa Muhirwa. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba nashukuru, kwamba ni shemeji tu ameshikilia, na kadhalika. Nilichosema ni kwamba siku hizi kuna utaratibu wa kisasa. Nilijisikia nikilisema neno hilo, kisasa, kwa mtu aliyelala chini ya gari langu Jumapili iliyopita akiwa na shati lake la kanisani.

Muhirwa akaikunja kamba vizuri. "Sawa, mwalimu," akasema. "Namba yangu unayo."

Claude naye ametuma sauti. Ananiita mutu wa maana. Nimeifuta kabla haijaisha.

Jumatano, 17 Septemba

Leo nilijikaza nikampigia Ampaire. Kabla sijajitambulisha: "Ah, Mister Gad wa Kakiika!"

Nikasema nina rafiki. Rafiki yangu ni mkimbizi, ana gari, anaishi Nakivale. Je, mtu kama huyo anakubaliwa? Akacheka, si kwa ubaya. "Kwa nini nakataa yeye? Hao tuko nao wengi. Lori yetu naenda Nakivale kila wiki. Mwambie akuje tu, iko simple."

Iko simple.

Nilikaa kwenye benchi la shule simu ikiwa imezimwa mkononi. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenicheka. Yule bwana wa viatu pengine hata hakuwa anasikiliza. Mimi mwenyewe ndiye niliyejifukuza, nikamfukuza mke wangu, watoto, na mama wa watu.

Ningeweza kumwambia papo hapo kwamba rafiki huyo ni mimi. Sentensi yenyewe ni fupi. Kila siku nawafundisha watoto sentensi ndefu kuliko hiyo.

Nitaenda kurekebisha baada ya upasuaji. Tarehe 25 tutakuwa Mbarara, Mama akiwa kwa daktari nitapita ofisini, nitasema. Gari limewekwa mpira mpya. Wiki moja litavumilia.

Jumanne, 23 Septemba

Gari linatoa mlio nikikata kona kushoto. Madeleine ameusikia. Ameniuliza kama ampigie Muhirwa aje atazame. Fundi mwenyewe yuko Kikagate kutafuta vipuri, atarudi Ijumaa. Na hata angekuwepo sina uso. Nikasema ni mlio wa kawaida.

"Lakini tuko na ile karte," akasema. Anaiamini kadi kuliko anavyoniamini mimi, na ana haki.

Alhamisi, 25 Septemba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama mkwe ameshavaa kitenge chake kipya. Amefunga nguo kwenye kifurushi na chupa ya maji. Amemwambia Élyse, binti yetu mdogo, kwamba akirudi atamhesabia vidole kutoka mlangoni. Tunaondoka.

Saa mbili na dakika kumi. Naandika nimekaa kwenye jiwe. Hatujafika hata Kabingo. Ule mlio umekatika, pamoja na kitu kingine chini ya gurudumu la kushoto. Gari limelala upande.

Nitayaandika yote, maana nikingoja nitayapamba.

Madeleine alisema piga namba. Alinipa kadi mwenyewe kutoka pochi yake, ilikuwa imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Nilitaka kwenda pembeni lakini mtandao ulishika palepale tu, kando ya mlango wa nyuma uliokuwa wazi. Ampaire akapokea. Nikamweleza mahali.

"Huko nafanya nini, Mister Gad? Hapo iko mbali na Kakiika."

Nikasema nilikuja kutembelea watu.

Akasema niko nje ya pakeji. Lakini nina bahati: lori liko Kabingo, limetoka kushusha gari jingine, atamwomba bosi. Ana moyo mzuri yule dada. Akauliza niko na nani ndani ya gari. Karatasi yangu kwake inasema naishi peke yangu. Nikasema:

"Hakuna mutu wangu. Ni mama mumoja muzee na mutoto wake, niliwapa lifti tu."

Nilisema hivyo. Madeleine alikuwa amesimama karibu yangu, angeweza kunigusa.

Ampaire akasema kale, yaani sawa, lori linakuja, litabeba gari mpaka Mbarara. Ila ndani ya lori wanakaa mteja na familia yake tu, abiria hapana, ni sheria. "Hao watu wa lifti natafuta boda yao." Kisha akanipa pole na kunitakia safari njema.

Boda! Mama mkwe hawezi kuona shimo lililo mbele ya mguu wake. Akae juu ya pikipiki kilomita arobaini katika vumbi hili, leo?

Madeleine hakupiga kelele. Aliniuliza taratibu nimesema nini. Nikamweleza geti la kijani, fomu, pakeji, viatu vya yule bwana, yote, nikitazama tairi. Aliposikia neno peke yangu alikaa chini kwenye majani. "Miaka kumi na mbili, Gad," akasema. "Na batoto je? Nao uliwaandika wapi?"

Sikuwaandika popote.

Nikasema lori likifika nitamwambia dereva ukweli. Nilisema kwa sauti ili nami nisikie. Hapo ndipo mama mkwe akatoa miguu nje ya gari. Macho yake yameharibika lakini masikio ni mazima.

"Baba Élyse," akasema, "usisumbuke. Bakifika, mi nitanyamaza. Nitasema njo vile, ulitupa lifti. Haifai bakukate kazi ao bakufunge kwa sababu yangu. Jicho haliko kubwa sana."

Anadhani ni jambo la polisi. Anadhani nimedanganya kwa sababu kuna hatari, kama tulivyodanganya wote kule njiani tulipokuwa tunakuja, majina na vijiji. Hajui kwamba hapakuwa na hatari yoyote. Palikuwa na kiyoyozi na kiti cha kuzunguka.

Saa mbili na nusu. Naliona vumbi la lori upande wa Kabingo. Linakuja bila haraka.

Mama mkwe amechukua kifurushi chake. Amepapasa ukingo wa barabara kwa mguu, Madeleine akataka kumshika mkono, amekataa. Ameenda hatua kumi na tano hivi kutoka kwenye gari na kukaa ukingoni mwa mfereji, uso ameugeuzia barabarani, kama mtu anayengoja gari lolote lipite.

Lori limepunguza mwendo. Dereva ametoa kichwa dirishani, ana karatasi mkononi. Ninajua sentensi ninayopaswa kusema, nimeiandika juu ya ukurasa huu ili nisiipoteze. Huyu ni mama mkwe wangu, ninaishi naye Nakivale. Madeleine ananitazama.

Mama mkwe naye amefungua chupa. Ameinua kichwa, anakunywa maji, polepole, mbele yangu kama mbele ya mtu baki, nami sijapanda kilima.