Jiwe la Kuharakisha Mambo

Homa Bay, Jumanne

Dada Zena,

Huku ziwani joto ni kama la kwetu Mombasa, ila chumvi tunaionja kwenye jasho tu.

Profesa wangu amepata Migori jiwe la shaba ambalo, anasema, huharakisha hewa mbili kuungana. Hapa mjini tunalipiga eksirei likiwa kazini, tuone linavyobadilika. Badiliko lenyewe ni dogo kama unywele, na sindano ya mtambo wetu haiachi kutetemeka, kwa kuwa jirani yetu ni kinu cha kusaga mahindi.

Basi jana asubuhi Profesa alimbembeleza mwenye kinu, injini ikazimwa. Kina mama wakapanga foleni na mahindi yao juani. Mmoja, Mama Atieno, akanifuata mlangoni.

"Fundi, hii jiwe yenu kazi yake nini?"

"Linaharakisha mambo, mama."

Akaitazama foleni, kisha akanitazama mimi. "Yawa! Basi si ulete hapa kwa foleni?"

Jioni sindano ikatulia, unywele ukaonekana, na Profesa akawa anacheka peke yake kama bwana harusi. Akanituma hotelini nikalete samaki na ugali tusherehekee. Samaki walikuwa tele. Ugali haukuwapo, maana siku nzima hakuna aliyesaga unga.

Tukala samaki aina ya ngege mtupu, washindi wawili.

Nibusie watoto. Mwambie Mama nikifika anipe sima kwanza, habari za sayansi baadaye.

Nduguyo akupendaye,
Salim