Jina la Shule la Kaka Shabani

Jumatatu, 6 Mei 1991
Sare kumi na mbili za shule, vifungo bado. Mitumba imeniulia biashara ya magauni, sare ndizo zinanilisha. Nikiwa kwenye ya nne, redio ikasema bweni la chuo huko ng'ambo limeungua, na Watanzania wamo. Ni chuo cha kaka Shabani. Sindano iliniingia kidoleni, sikusikia kitu. Mama amekaa chini barazani.

Jumanne, 7 Mei
Baba amekwenda mjini, wizarani. Amejaza fomu. Watu wa ubalozi wanapita hospitali moja baada ya nyingine, majina yanakuja kwa teleksi. Jibu: Shabani Rajabu hayupo. Si kwa majeruhi, si kwa waliokufa. Chuo hakimjui kabisa.

Nimemjia juu Baba. Kwa nini ameandika jina la nyumbani? Sote hapa tunajua. Kaka alifeli la saba, akarudia shule nyingine kwa jina la Kasimu Juma, mtoto wa Mama Kasimu wa mtaa wa pili, aliyekufa kwa surua. Nafasi ilikuwa wazi, mwalimu mkuu akakubali, Mama Kasimu naye akakubali. Vyeti Kasimu. Pasipoti Kasimu. Baba anasema akilitaja jina hilo, kaka atafukuzwa chuo na yeye atafungwa. Nikamwambia anaiogopa fomu kuliko moto. Nimekosa adabu, najua. Sijutii.

Jumatano, 8 Mei
Wajomba wamefika kutoka Mbagala, wanaulizia maturubai. Ya msiba wa nani? Nimewanunia wote. Nimefunika cherehani. Kesho naenda wizarani mwenyewe. Nikilitaja jina, huenda naua masomo yake. Nisipolitaja, tutamzika bila kujua. Naogopa, lakini naenda.

Alhamisi, 9 Mei
YU HAI! Naandika viatu vikiwa bado miguuni.

Wanaoshughulikia raia walio nje wana chumba kimoja kidogo. Mama mtu mzima, miwani ameifunga kwa uzi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwaga yote kwa pumzi moja, nikingoja aite polisi. Akacheka! "Mwanangu, leo wewe ni wa tatu kuniletea jina la pili. Si mngesema tangu juzi?" Akashusha kidole kwenye orodha. Kasimu Juma, ameungua mikono yote miwili, anaongea. Ubalozi umempelekea nguo na uji, na wanatafuta ndugu zake. Wanatutafuta sisi! Nikauliza habari ya jina je. "Hayo atayajibu mwenyewe akipona. Mie kwanza nataka mtu awe mzima."

Nimelia. Nimecheka. Nimemkumbatia mlinzi wa getini, mtu nisiyemjua. Vigelegele vimeanzia kwetu vikafika sokoni Tandika. Mama amecheza na mwiko mkononi, Mama yangu huyu! Baba amenishika kichwa. Wajomba wamekula pilau kuliko wote.

Ijumaa, 10 Mei
Sijashona hata kifungo. Kila anayepita namsimulia upya. Nina furaha mpaka tumbo linauma.

Jumamosi, 11 Mei
Taarifa ya saa saba mchana imesoma majina ya waliopona. Kasimu Juma, wa Temeke, yu hai. Tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

Saa nane akaja Mama Kasimu. Kanga ameivaa ndani nje. Alikuwa jikoni kwake, redio ikalitaja. Hakutulaumu. Jina alilitoa mwenyewe na anamwombea kaka apone. Anasema tu kwamba aliinuka kwenda kufungua mlango, na mpaka alipofika mlangoni, alikuwa amesahau kwamba mwanawe alishakufa.

Mama amemshika mkono, wamekaa mkekani. Nikamletea chai, hakuinywa. Aliuliza kama majina yatasomwa tena jioni. Nikasema huenda. Akaomba angojee hapa kwetu. Nimeisogeza redio karibu naye na kuweka betri mpya.