Chaneli ya Kumi na Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Daftari langu, salamu. Hujambo? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inachemka.

Mtandao wa duka langu la intaneti umekatika tena, mara tano. Wateja wakahamia ng'ambo ya barabara, kwa shemeji — mdogo wa marehemu mume wangu. Yule yule aliyenichongea kwa mamlaka ya mawasiliano mwaka jana kwa sababu ya antena, nikafungiwa siku kumi na moja. Kisha akaniletea pole na soda. Nilimsamehe kwa mdomo.

Leo mteja wangu, mwalimu wa fizikia, kachungulia simu yake. Anasema ruta ya shemeji, ile mashine ya kurusha mtandao, inatumia mawimbi ya chaneli ya kumi na tatu, hapa nchini hairuhusiwi. Akataka kuendelea. Nikamwambia mwalimu, inatosha. Mungu kasikia!

Jumatano, 6 Machi

Nimesali kwanza, ndipo nikawaandikia mamlaka. Kurasa mbili. Duka lake nimelitaja mara sita, wasije wakakosea mlango.

Alhamisi, 7 Machi

Mkaguzi kapiga simu, mwanamke mpole. Wanakuja kesho, watapita mtaa mzima, kwangu pia. Karibuni, nikasema, kwangu ni safi.

Nikampigia fundi aliyenifungia ruta, tucheke pamoja. Akaniambia: "Mama, hata yako iko kumi na tatu. Zote mbili nilifunga mimi. Kwenye mipangilio niliziambia ziko nchi nyingine, ndiyo chaneli ikafunguka."

Kumbe mawimbi yetu yanagongana huko huko, mimi na shemeji, kila siku, ndiyo maana mtandao unakatika. Fundi kaahidi kuja asubuhi airudishe yangu kwenye chaneli halali.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tatu. Fundi yuko safarini. Eti ni kazi ya dakika mbili, nifanye mwenyewe — ila neno la siri la kuingilia ruta kalisahau. "Muulize shemeji wako, Mama. Niliweka lile lile kote, yeye aliliandika."

Kuchomoa ruta hakusaidii, wakaguzi wanaiwasha na kuangalia. Gari lao liko kwa kinyozi, maduka matatu kutoka hapa. Shemeji kasimama mlangoni kwake na kikombe cha chai, hana habari. Nikimwambia ukweli atarekebisha na yake, barua yangu iende bure. Hapana. Mungu anisamehe, yake ibaki pale pale.

Wanatoka kwa kinyozi.

Nimemtumia hivi: "Shemeji yangu mpendwa, umeamkaje? Watoto hawajambo? Nakuomba lile neno la siri la fundi, kuna mteja ana haraka. Tafadhali nijibu upesi."