Kabati la Spana Katikati ya Jiko

Kihonda, Morogoro
9 Septemba 1996

Kaka yangu mpendwa Laurenti,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimekuachia. Mimi sina ugonjwa wa kutaja, ila miguu inavimba jioni, na mgongo unanikumbusha kila sufuria niliyoinua mchana. Huku vumbi limezidi, limeingia mpaka kwenye chumvi. Mama mdogo wa Mikese alipita wiki iliyopita, anakusalimu sana na kulalamika kwamba umemsahau.

Barua yako nililetewa na dereva wa lori la mpunga. Nimefurahi kwamba umefungua gereji yako hapo Ifakara. Kampuni ilipokupunguza kazini niliogopa ungekaa barazani ukihesabu magari ya wenzako yakipita. Umeniomba lile kabati la spana alilotengeneza Zolile. Umesema spana zako zinalala kwenye maboksi, na kwamba ni aibu kabati la mninga la namna ile kukatiwa vitunguu. Umesema lori litakuja kulichukua mwisho wa mwezi.

Kaka, sijawahi kukukatalia jambo. Wewe ndiye uliyekwenda kuwa utingo ukiwa bado mdogo ili mimi nibaki darasani kwa masista. Ndiyo maana jibu limechelewa. Nimeandika nikachana, nikaandika tena nikachana. Sasa nivumilie nieleze tangu mwanzo, maana mengine huyajui.

Unakumbuka lile banda la mabati nyuma ya nyumba. Zolile alikuwa akitengeneza magari ya wenzake, wakimbizi wa Afrika Kusini, kule Mazimbu, na mwisho wa wiki alikuwa hapa bandani akifungua pikipiki na pikapu za watu. Kabati alilichonga mwenyewe. Alilifanya refu kama meza, akaweka droo pande zote mbili, ili mafundi wawili waweze kufanya kazi wakitazamana. Kila spana aliichongea nafasi yake. Nchi yao ilipofunguka na wenzake wakaanza kurudi Afrika Kusini, naye akaenda. Aliniambia anakwenda kuitafuta nyumba ya mama yake, kisha ataniita tuoane. Nilipata barua zake mbili, halafu kimya. Wewe ulisema mtu ambaye ukoo wake haujulikani ni kama wingu la kiangazi, linapita juu yako na halikuachii hata tone.

Nilikaa nikilifuta vumbi lile kabati kila Jumamosi. Sikugusa spana hata moja. Kisha kiwanda chetu cha nguo kikauzwa, tukaambiwa twende nyumbani tukasubiri kuitwa. Hakuna aliyeitwa. Wengine waliingia kwenye mitumba, wengine walirudi kwao kulima. Pili, yule mama wa Kinole aliyekuwa akikaa cherehani ya jirani na yangu, akanijia na wazo kwamba tupike. Alisema Mazimbu sasa ni chuo, wanafunzi wanaongezeka kila mwaka, na mwanafunzi mwenye njaa hachagui. Yeye angeleta ndizi, mdalasini na pilipili manga kutoka kwao mlimani, mimi ningetoa chumba cha uani.

Tulianza tukiwa tunakata mboga magotini. Siku moja Pili alikwenda bandani kutafuta kuni, akarudi amejishika kiuno.

“Angelina, una meza kubwa kuliko ya askofu, umeifungia gizani, halafu tunavunjika migongo hapa!”

Nikamwambia ile si meza, ni kabati la Zolile.

“Na Zolile yuko wapi?”

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi. Lakini nilitoka nje, nikakaa juu ya ndoo mpaka wali ukaungua.

Kesho yake nilizitoa spana. Kaka, kazi ile ilinichosha kuliko msiba. Nilizipaka mafuta moja moja, nikazifunga katika gunia na kuzisukuma chini ya kitanda. Fundi seremala Kasimiri akaja, akafungua jiliwa la kubania vyuma lililokazwa pembeni, akapiga randa juu na kuziba matundu. Sisi tulisugua kwa majivu na maji ya moto, kisha ndimu, maana grisi ilikuwa imeingia mpaka moyoni mwa mbao. Wanaume wakatusaidia kulihamisha. Tulipotaka kulisogeza ukutani, tukaona droo za nyuma zingefungwa milele, basi likabaki pale pale, katikati ya jiko, watu wanalizunguka.

Majirani walikuja kutazama. Walisema tumejenga chumba cha upasuaji. Jikoni kila mtu ana ukuta wake, walisema, meza ya katikati ni ya nini? Nasi hatukujua ya nini mpaka tulipoanza kuitumia. Zamani mimi nilikuwa nikiutazama ukuta wangu na Pili wa kwake, ukitaka kitu unapiga kelele nyuma ya bega. Sasa yeye anasimama upande ule na mchele, mimi upande huu na nyama, majiko ya mkaa yako kandokando, na mkono wa mmoja unamfikia mwenzake. Visu vimekaa sawasawa kwenye nafasi za spana. Misumari aliyotundikia mikanda ya feni tumetundika vikombe. Droo moja tu inanuka grisi hadi leo, hiyo tunaweka viberiti. Pili akiwa na huzuni namwona usoni kabla hajasema, naye mimi ananiona. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Usidhani ni utajiri, kaka. Ni kuamka, kumenya, kupuliza moto, kuosha, kulala. Lakini watoto wa Pili wako shule, nami sijagonga mlango wa mtu.

Sasa nakuja kwenye neno lililonifanya nichane zile barua. Zolile amerudi.

Alikuja wiki ile ya baada ya Pasaka, saa ya chakula. Alisimama mlangoni na begi moja, amekonda, mvi zimejaa. Mimi nilikuwa na upawa mkononi na wanafunzi wamejipanga, nikaendelea kupakua mpaka wa mwisho. Pili ndiye aliyempa sahani. Alikula amesimama kwenye kona ya kabati lake.

Baadaye alinieleza. Mama yake alikuwa amekufa kabla hajafika. Ndugu yake ana nyumba ndogo na watu wengi. Kwenye magereji walimdai vyeti, naye ufundi wake aliupatia uhamishoni. “Walinipokea kama mgeni,” aliniambia. “Siku ya tatu nikangoja jembe, Angelina. Jembe halikuwepo.” Nilimuuliza kwa nini hakuandika. Alisema aibu. Hilo bado sijalimeza. Nilimpa banda, na hadi leo ninapoandika, huko ndiko anakolala.

Alipopata nguvu aliulizia spana zake. Nikalivuta gunia, zote zilikuwemo, na nilimwona akifurahi kwa mara ya kwanza. Akaingia nazo jikoni, akafungua droo na kuanza kutoa visu na kuviweka chini. Alisema atarudisha kabati bandani siku hiyo hiyo, afunge jiliwa na kuanza kazi. Pili aliacha kukata, akanitazama mimi, si yeye.

Nikasema, “Rudisha visu vyangu, Zolile.”

Alicheka, akidhani natania. Akasema mbao zile alizipasua kwa mikono yake.

“Najua,” nikamwambia. “Ulitengeneza kabati la spana, ukaliacha. Hili ni jiko, langu na Pili. Tengeneza lingine.”

Alivirudisha visu kimoja kimoja, akatoka. Siku zilizofuata alijifungia bandani. Nilidhani ataondoka tena, na nakuambia ukweli, kaka, sikuomba aondoke wala sikuomba abaki. Nilikuwa nimechoka tu. Kisha asubuhi moja nikasikia msumeno bandani.

Kwa hiyo ombi lako limekuja la pili. Yeye nilimkatalia, na wewe nakukatalia, kwa moyo mzito na heshima zote. Usifikiri ninamtunzia yeye. Ninajitunzia mwenyewe.

Barua yako nilimsomea. Jioni akasema, “Kabati la kaka yako litatangulia, langu baadaye.” Fremu imekwisha simama, ni mninga pia. Aliniuliza mkono unaotumia, nikamwambia wewe ni wa mashoto, akabadilisha upande wa jiliwa. Litakuwa tayari mwisho wa mwezi. Lakini nakuomba, usimtume dereva peke yake. Njoo mwenyewe ulipokee kutoka mikononi mwake. Si lazima umkumbatie. Ana neno anataka kukuambia wewe kama mkubwa wangu, nami nimemwambia kwamba neno hilo mimi silibebi. Baada ya kulisikia, mtaniuliza. Nitakachojibu bado sikijui, na msinikimbize.

Pili anakusalimu, anasema ukija atakupikia ndizi za Kinole. Nisalimie wifi, uwabusu watoto, na kaburi la mama ulipalilie na kwa niaba yangu. Mungu akulinde barabarani. Nitalitazama lile lori likiingia, nione kama umekaa ndani yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Angelina